Yaliyobaki Mtajisomea

Mwaka ule nzige walipomaliza mashamba yote ya wimbi kwetu Gusii, baba mkwe wangu, Mzee Onyancha, alikuja kukaa nasi kwenye kambi ya shamba la chai, upande huu wa Kericho. Alitembea siku mbili akiwa na fimbo, blanketi moja na kikapu kitupu.

Hakulala kwetu. Kwa desturi yetu mzee haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, na nyumba ya kambi ilikuwa chumba kimoja tu. Mume wangu Makori, ambaye kazi yake ilikuwa kutia kuni kwenye tanuri la kiwandani, alimwomba jirani yetu ampe baba yake mahali. Jirani huyo aliitwa Joab Okello, Mjaluo, fundi wa kujenga kwa mawe, na kwa sababu ya ufundi alikuwa amepewa vyumba viwili. Joab alicheka.

"Babu zetu walichomana mikuki, leo nampa mmoja wao mkeka. Haya, aje. Mwambie tu asikorome kwa Kigusii, tutashindwa kumjibu."

Basi nikawa napika kwangu, na mke wa Joab, Syprose, ambaye tulimwita pia Mama Dorcus, anampelekea mzee chakula. Mimi sikuruhusiwa kufika mahali anapokula. Tukikutana njiani nilitoka nikasimama kwenye majani, nimegeuka, mpaka apite. Mwezi mzima sikumtazama usoni hata mara moja. Nilimjua kwa kikohozi chake, kikavu na kifupi kama mtu anayevunja kijiti, na kwa fimbo yake iliyogonga mawe.

Desturi hiyo haikunilemea. Mimi tangu utoto ni mtu wa kunyamaza, na kama ningeambiwa nisiseme na mtu yeyote kambini ningekubali pia.

Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la tatu. Mama alipougua baba alinitoa, na sikurudi tena. Kusoma kulibaki, lakini kusoma mbele ya watu kulinishinda. Siku moja Syprose alipata barua kutoka kwao, akaniomba nimsomee, na wanawake wa kambi wakakusanyika kusikiliza. Nikafika kwenye neno refu, nikasimama. Nikajaribu tena, nikasimama. Mmoja akasema, "Karani wa kike amekwama kama gari la ng'ombe kwenye matope!" Wakacheka wote. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilitaka yaishe. Tangu siku hiyo nilisoma mahali pasipo na mtu: maandishi ya magunia, ya masanduku ya chai, na matangazo kwenye ukuta wa stoo ya posho watu wakishaondoka.

Kiangazi kile kilikuwa kikali. Mto ulipungua mpaka mawe yakaonekana katikati. Nzige wakubwa walikuwa wamepita wakataga, na sasa watoto wao, tunutu wasio na mabawa, walikuwa wamejaa bonde la chini, kati ya mikaratusi na mto. Walienda wakirukaruka, weusi, kama ardhi yenyewe inachemka.

Jumamosi tarishi wa baraza alileta karatasi ya matangazo ya kiangazi. Kawaida ya shamba ilikuwa karatasi kama hizo kusomwa na karani wa mizani, Bwana Oyoo, majani yakishapimwa na kabla ya kugawa posho. Watu walikuwa wamechoka na wana njaa, na kila mmoja jicho lake liko kwenye mlango wa stoo. Mimi nilisimama nyuma na gunia langu. Mzee Onyancha alikuwa amekaa kwenye jiwe pembeni, na wazee wenzake wawili.

Bwana Oyoo alisoma upesi. Maji ya mto yachemshwe. Mtu asichome nyasi mpaka mvua inyeshe. Daraja la njia ya kwenda Kapsoit litabomolewa litengenezwe, watu wapite kwenye mawe. Ng'ombe wa jirani wasipitishwe shambani mpaka wachanjwe. Hapo kengele ya posho ikalia, na mstari ukavunjika kama boma lililoingiliwa na chui. Bwana Oyoo akainua mikono.

"Haya, haya! Yaliyobaki mtajisomea!"

Watu walicheka sana, kwa sababu hakuna aliyejua kusoma. Hata mzee alicheka. Nilisikia kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi. Bwana Oyoo akabandika karatasi ukutani kwa misumari minne, akaenda kufungua stoo.

Mimi nilijua kusoma. Nilisimama na gunia langu nikasema moyoni: kesho.

Jumapili, watu walipokuwa kwenye ibada, nilikwenda ukutani. Nilisoma ya kwanza hadi ya nne, nikaona ni yale yale. Kisha nikasoma ya tano, kidole changu chini ya kila neno:

*Kuanzia Jumapili jioni pumba zenye sumu zitamwagwa katika bonde la chini ili kuua tunutu. Mtu asiokote pumba hizo. Kuku na mbuzi wafungwe. Tunutu na nzige wa mahali hapo wasiliwe na mtu yeyote kwa siku kumi na nne, hata wakionekana wazima.*

Nilisoma mara mbili. Kulikuwa na ya sita, lakini sikufika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeamua kumwambia Makori ili yeye awaambie watu. Makori alirudi kutoka kwenye tanuri macho mekundu, akala, akalala kabla sijatoa bakuli. Ningeweza kumwamsha. Ningeweza kwenda kwa Syprose, hatua ishirini tu. Nilifikiri jinsi watakavyouliza, "Umejuaje?" na jinsi watakavyokusanyika. Nikasema: kesho asubuhi, akiamka.

Asubuhi Makori aliitwa kiwandani kabla ya ukungu kuondoka, na mimi nilikuwa mtoni. Niliporudi na mtungi nilisikia fimbo ikigonga mawe. Nikatoka njiani, nikageuka. Mzee alipita nyuma yangu akiimba kidogo kwa sauti ya chini. Sikumwona, lakini nilisikia kitu kingine: mkwaruzo wa miguu mingi midogo ndani ya kikapu.

Nilisimama kwenye majani mpaka maji yakaanza kunimwagikia bega.

Lazima nieleze jinsi watu wetu wanavyookota nzige. Huendi mchana. Mchana jua limewapa nguvu, utawafukuza kama mwendawazimu. Unakwenda alfajiri, baridi ikiwa bado imewashika, nao wamelegea kwenye majani kama walevi. Unawazoa kwa mikono. Kila mtoto wa kwetu anajua: nzige mlegevu ni nzige wa alfajiri. Na mzee alikuwa amewakuta tunutu wa bonde la chini wamelegea sana asubuhi ile.

Niliweka mtungi chini nikaenda mpaka nyumba ya Joab. Moto ulikuwa ndani kwa sababu ya baridi, na harufu ya kukaanga ilikuwa imeshatoka. Nilisimama nje, nyuma ya ukuta wa mlango, mahali ambapo mzee hanioni nami simwoni.

"Mama Dorcus!"

"Ee, Bochaberi! Mbona unaita kama mgeni? Unajua mzee yuko ndani."

"Mwambie baba asile."

Syprose akasema, "Mzee, mke wa mwanao anasema usile."

"Nimesikia, mimi si kiziwi," mzee akasema. "Mwulize kwa nini."

"Anauliza kwa nini."

"Wana sumu. Serikali imemwaga sumu bondeni jana jioni."

"Anasema wana sumu, serikali—"

"Mwulize nani amemwambia."

Hapo sauti yangu ilitaka kurudi ndani. "Nimesoma kwenye karatasi. Ile ya ukutani."

Nilisikia mzee akicheka, si kwa ubaya. "Mwambie nzige hawa walikula wimbi yangu yote. Shamba mbili. Wimbi yangu iko ndani ya matumbo yao. Siibi kitu, nachukua mali yangu."

"Anasema—"

"Nimesikia, Mama Dorcus. Mwambie nimekubali ni mali yake. Lakini mali yenyewe imetiwa sumu."

"Mwambie aliyekufa kwa sumu amekufa. Hawa nimewaokota wazima, wanapiga miguu. Wamelegea kwa baridi tu. Nilianza kuokota nzige kabla baba yake hajaota meno."

"Karatasi inasema hata wakionekana wazima. Neno kwa neno, baba. Mama Dorcus, mwambie: hata wakionekana wazima."

Nilifikiri safari hii amesikia. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu aliyemaliza maneno, "Karatasi haina meno. Mimi bado ninayo matatu. Mama Dorcus, lete chumvi."

Nikasikia kifuniko cha mkebe wa chumvi kikifunguka.

Sijui niseme nini kuhusu hatua ile. Watu wamenisifu na watu wamenilaumu, na wote wanasema kama kwamba nilipima, nikachagua. Sikupima. Nilifikiria ile Jumapili, ukuta, kidole changu chini ya neno, na Makori amelala. Nikaona kwamba kama mzee atakufa, atakuwa ameuawa na *kesho* yangu. Nikaingia.

Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda, kikaango kiko juu ya mawe mbele yake, ameshachukua wachache kwenye kiganja. Nilimtazama usoni. Alikuwa na uso wa Makori kabisa, ila umekunjwa. Nilimpiga kiganja chake, tunutu wakaanguka majivuni. Kisha nikashika kikaango kwa mikono mitupu nikawamwaga wote motoni. Nikachukua kikapu, nikamwaga na waliobaki. Moto ukalia, moshi ukajaa nyumba. Mikono yangu sikuisikia mpaka baadaye.

Mzee alisimama. Nilijua ana fimbo, nikangoja. Hakunipiga. Hakunitazama. Alimtazama Syprose.

"Wamekula chochote, wewe na mtoto?"

"Hapana, baba. Tulikuwa tunangoja wewe uanze."

"Vizuri. Mwambie Makori baba yake amekwenda nyumbani."

Akachukua blanketi lake na fimbo, akatoka. Kikapu alikiacha.

Syprose alikaa kwenye kigoda chake mwenyewe akanitazama kama mtu anayetazama nyumba inayoungua. "Bochaberi. Umempiga mkono baba mkwe wako. Ndani ya nyumba. Akiwa anakula."

"Najua."

"Hata sisi Wajaluo, ambao mnasema hatuna haya, hatufanyi hivyo." Akachukua mafuta, akaanza kunipaka viganja. Aliponipaka kwa upole hivyo ndipo nilipoanza kulia. Kisha akauliza, polepole, "Na kama si kweli?"

"Nimesoma mwenyewe."

"Sijasema hujasoma. Nasema baraza linaandika mengi. Lile daraja la Kapsoit limetangazwa mara ngapi? Mara tatu. Umeona mtu amekuja na shoka? Kama walisema watamwaga, na hawajamwaga?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilikwenda ukutani na mikono yangu imefungwa vitambaa, nikasoma tena ile ya tano. *Zitamwagwa.* Zitamwagwa si zimemwagwa. Kama tarishi aliugua, kama gari halikuja, basi mimi nilimfukuza mzee kambini akiwa na njaa, kwenye safari ya siku mbili, kwa ajili ya karatasi. Na Makori atanirudisha kwetu, na hatakuwa amekosea.

Nilikaa chini ya ukuta ule. Mawingu ya kiangazi yalipita juu bila kusimama. Mchana wachumaji walianza kurudi na vikapu migongoni, wakapanga mstari kwenye mizani. Walinitazama na kunong'ona, kwa hiyo habari ilikuwa imeshafika. Syprose alikuja na mtoto mgongoni, akasimama karibu nami. Mpaka leo namshukuru kwa kusimama kule.

Ndipo niliposikia kikohozi. Kikavu, kifupi, kama kijiti.

Nilisimama upesi nikageukia ukuta. Fimbo ilikuja ikigonga mawe, ikapita mstari wa wachumaji. Kitu kizito na laini kikaanguka chini. Nilitazama kwa pembeni. Alikuwa ndege mkubwa, mweupe, mabawa yake yana weusi, miguu myekundu mirefu. Ni wale korongo wanaofuata nzige kokote wanakokwenda. Kiangazi kile walikuwa kila mahali.

"Njia ya kwetu inapita bondeni," mzee alisema. Hakusema na mtu fulani. "Nimekuta kama huyu kumi na mmoja. Wengine bado wanapiga mabawa, hawainuki. Midomo imejaa tunutu. Kwenye majani kuna pumba. Nimeziona sasa kwa jua. Alfajiri kulikuwa na ukungu, nilidhani ni umande."

Bwana Oyoo alitoka kwenye mizani, kalamu sikioni. "Nani ameleta mzoga hapa? Hapa ni mahali pa chai!"

"Karani," mzee akasema, "Jumamosi ulisoma habari hii?"

"Habari gani?"

"Ya sumu."

Bwana Oyoo alitazama karatasi, akatazama ndege. "Kengele ililia, mzee. Wewe mwenyewe ulikuwepo. Watu walikimbilia posho."

"Nilikuwepo. Ulisema yaliyobaki tujisomee. Nilicheka sana." Akakohoa. "Haya. Leo tutajisomea. Mama Dorcus!"

"Naam, baba."

"Mwambie mke wa mwanangu kwamba lile kosa la kuingia liko pale pale. Tutalitengeneza nyumbani, kwa desturi, wimbi ikiota tena. Hilo ni la nyumba yetu. Lakini karatasi ni ya watu wote. Mwambie asome. Aanze juu."

Syprose aligeuka kwangu, hatua mbili tu. "Bochaberi, baba yako anasema—"

"Nimesikia," nikasema.

Nilisikia mzee akigeuka ili anipe mgongo, na mimi nilikuwa tayari nimempa wangu, nimetazama ukuta. Hivyo tulikuwa tumeheshimiana. Nyuma yangu kulikuwa na watu labda themanini na vikapu vyao, na harufu ya majani mabichi yanayoanza kupata joto. Nikaweka kidole chenye kitambaa chini ya neno la kwanza.

Nilisoma ya maji. Nilisoma ya nyasi. Kwenye ya daraja sauti yangu ilikuwa ndogo na mtu akasema, "Paza, mama, huku nyuma tunasikia upepo tu." Nikapaza. Nilipofika ya tano nilisoma polepole sana, na niliposema *hata wakionekana wazima* nikasikia mwanamke mmoja akipumua kwa nguvu, kisha akakimbia kwenda kwake, na mwingine nyuma yake. Baadaye nilijua walikuwa na vikapu vya tunutu jikoni, wakingoja jioni.

Kisha nikafika kwenye ya sita, ile ambayo sikuwa nimeisoma hata mimi. Ilikuwa na neno refu katikati. Nikasimama. Nikajaribu tena, nikasimama. Nilingoja kicheko. Mzee alikohoa mara moja nyuma yangu, na hakuna aliyecheka.

"Lipasue," Syprose alisema kwa sauti ya chini. "Kama kuni."

Nikalipasua. *Wa-ta-ka-o-cha-njwa.* Watakaochanjwa. Watoto watakaochanjwa ndui waletwe Kapsoit siku ya Alhamisi, kabla ya jua kuwa kali, kila mtoto na mzazi wake.

"Rudia hiyo," mtu akasema kutoka nyuma. "Alhamisi hii au ile?"

Nikaweka kidole tena chini ya neno, nikarudia.